Matunzo ya watoto waliozaliwa nje ya ndoa nchini Tanzania

Matunzo ya watoto waliozaliwa nje ya ndoa nchini Tanzania ni wajibu wa baba na mama kwa pamoja, hata kama wazazi hao hawajawahi kuoana wala kuishi nyumba moja. Wajibu huo umewekwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kwa upande wa Tanzania Bara, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2011 kwa upande wa Zanzibar. Mahakama haiwezi kumwamuru baba atoe matunzo kabla hajajulikana ni nani. Kwa sababu hiyo kumtaja baba ndiyo hatua ya kwanza ya kila shauri la aina hii, na ndiyo hatua iliyobishaniwa zaidi tangu wakati wa ukoloni.

Katika nchi kadhaa mama asiye na mume anayepokea posho ya serikali hulazimika kumtaja baba wa mtoto wake, la sivyo posho hupunguzwa au hukataliwa kabisa. Marekani na Ujerumani zina sharti hilo hadi leo. Uingereza ililiondoa mwaka 2008. Tanzania haina sharti kama hilo. Mama anayepokea ruzuku ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) hadaiwi jina la baba, na sheria inachukulia kumtaja kuwa haki ya mama na ya mtoto. Palipo na mashaka ni kama haki hiyo inamfikishia mtoto chakula, hasa vijijini. Katika makala hii kata ya Mponde, katika milima ya Usambara, imechukuliwa kama mfano wa mazingira hayo.

Jina la baba katika sheria za mila

Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika iliandika na kutangaza sheria za mila za makabila yanayohesabu ukoo kwa upande wa baba, kwa Tangazo la Serikali Na. 279. Washambaa wa Usambara, ambao pia huitwa Wasambaa, wamo katika kundi la makabila yanayofuata ukoo wa baba.

Kwa mujibu wa tangazo hilo, mtoto aliyezaliwa na mwanamke asiyeolewa ni wa ukoo wa mama yake. Baba aliyetaka kumhalalisha alikuwa na njia mbili: kumwoa mama, au kumlipa baba wa msichana shilingi 100 kabla mtoto hajaachishwa ziwa. Ziwa likishaachwa, mlango wa malipo ulikuwa umefungwa.

Kuhusu kutaja, sheria hizo za mila zilikuwa na kanuni iliyompa mwanamke nguvu kubwa kuliko ilivyotazamiwa. Mwanamume aliyetajwa na mwanamke kuwa baba wa mtoto hakuweza kukana, isipokuwa athibitishe kwamba hakuwahi kukutana naye kimwili. Mzigo wa ushahidi ulikuwa wa mwanamume. Kanuni hiyo ilifaa mahali ambapo watu wote wanafahamiana na ambapo neno la msichana lilipimwa na wazee wa pande zote mbili kabla ya kufika barazani. Lakini nguvu hiyo ilihusu zaidi swali la mtoto ni wa ukoo gani. Juu ya chakula, nguo na karo ya mtoto aliyebaki kwa mama, tangazo halikusema mengi, kwani ilichukuliwa kwamba babu yake mzaa mama atamlea.

Sheria ya 1949 na shilingi mia

Sambamba na mila kulikuwa na sheria ya serikali. Serikali ya kikoloni ya Kiingereza ilitunga mwaka 1949 sheria ya kuwadai matunzo wanaume waliozaa nje ya ndoa (Sura ya 278). Ilifuata mfano wa sheria za Uingereza za wakati huo, na ilibaki kutumika kwa miaka 60.

Mwombaji alikuwa mama. Alitakiwa kufungua maombi kabla ya kuzaa au ndani ya miezi 12 baada ya kuzaa. Akichelewa, ilibidi aonyeshe kwamba mwanamume aliwahi kutoa fedha za matunzo ndani ya miezi hiyo 12. Neno lake peke yake halikutosha kama lilivyotosha katika mila: mahakama ilitaka ushahidi mwingine wa kuliunga mkono, kama barua, shahidi, au maneno ya mwanamume mwenyewe. Hivyo mwanamke yuleyule angeweza kuaminiwa mbele ya wazee kwa sheria ya mila na kukataliwa mbele ya hakimu kwa sheria ya serikali.

Hata aliyeshinda hakupata kikubwa. Kiwango cha juu kilichoruhusiwa kilikuwa shilingi 100 kwa mwezi, na hakikubadilishwa thamani ya shilingi ilipoanguka katika miaka ya 1980 na 1990. Ilipofika mwaka sheria hiyo ilipofutwa, shilingi 100 haikutosha kununua soda moja. Wanasheria wanawake na vyama vya kutetea haki za wanawake walitumia kiasi hicho kwa miaka mingi kama mfano wa kwanza wa sheria iliyopitwa na wakati, na ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimpa baba wajibu wa kuwatunza watoto wake, lakini sheria hiyo ilijengwa juu ya ndoa. Mtoto wa nje ya ndoa aliendelea kuwa chini ya sheria ya 1949.

Sheria ya Mtoto ya 2009

Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1991 na Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto mwaka 2003. Bunge lilipitisha Sheria ya Mtoto (Na. 21) Novemba 2009, na kwa sheria hiyo ile ya 1949 ilifutwa. Mabadiliko makubwa ni kwamba suala limehamishwa kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Mtoto ana haki ya kuwa na jina, uraia, na kuwajua wazazi wake waliomzaa pamoja na ndugu zake. Kwa hiyo jina la baba ni mali ya mtoto kwanza, hata kabla ya kuwa silaha ya mama katika madai.

Kuthibitisha uzazi

Maombi ya kuthibitisha nani ni mzazi yanaweza kupelekwa mahakamani na mtoto, mzazi, mlezi, ndugu, afisa ustawi wa jamii, au mtu mwingine mwenye maslahi katika jambo hilo. Yanaweza kupelekwa kabla mtoto hajazaliwa, kabla hajafikisha miaka 18, au ndani ya miaka mitatu baada ya mzazi kufariki. Baada ya miaka 18 huhitajika ruhusa maalumu ya mahakama.

Mahakama huangalia mambo kama jina lililoandikwa katika rejista ya vizazi, sherehe ya kimila iliyofanywa na baba kwa ajili ya mtoto, kumkubali mtoto mbele ya watu, na majibu ya kipimo cha vinasaba, ambacho wengi hukiita DNA. Kutajwa kwa sherehe ya kimila si jambo dogo kwa watu wa vijijini. Mwanamume aliyechinja mbuzi kwa ajili ya mtoto, au aliyewatuma wazee kwenda kukiri kwa wazazi wa msichana, amejiwekea ushahidi ambao hauhitaji maabara.

Kipimo cha vinasaba husimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, chini ya sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka huohuo wa 2009. Mtu hawezi kwenda mwenyewe kuomba apimwe. Ombi lazima lipitie kwa mamlaka inayotambuliwa kama mahakama, polisi, afisa ustawi wa jamii, wakili au daktari. Mara kwa mara vyombo vya habari hutangaza kwamba sehemu kubwa ya wanaume waliopimwa wameonekana si baba wa watoto waliohusika, na habari hizo hushangiliwa sana vijiweni. Lakini wanaopimwa ni wale ambao tayari wana mgogoro, kwa hiyo takwimu hizo hazielezi hali ya familia za Tanzania kwa jumla.

Miezi 24

Maombi ya matunzo dhidi ya mwanamume anayedaiwa kuwa baba yana kikomo cha muda wake. Yanapaswa kufunguliwa kabla ya mtoto kuzaliwa au ndani ya miezi 24 baada ya kuzaliwa. Baada ya hapo mwombaji anapaswa kuonyesha kwamba mwanamume alitoa fedha za matunzo ndani ya miezi hiyo 24, au kwamba alikuwa ameondoka nchini na sasa amerudi. Huu ni mfumo wa 1949 ulioongezewa mwaka mmoja. Unakaa vibaya pamoja na haki ya mtoto ya kuwajua wazazi wake, kwani haki hiyo haina kikomo cha miaka miwili.

Kwa vitendo kikomo hiki huwaumiza wale waliosubiri kwa nia njema. Msichana aliyeahidiwa ndoa huona haya kumshtaki anayetarajia kuwa mumewe. Wazazi wake nao humshauri angoje mazungumzo ya wazee yamalizike. Miezi hupita, mtoto huanza kutembea, na yule kijana huoa kwingine. Katika hali hiyo risiti ndogo au ujumbe wa fedha uliotumwa kwa simu huwa na thamani kubwa kuliko kiasi kilichomo, kwa kuwa unafungua mlango wa madai uliokwisha kufungwa.

Sheria inamlinda pia mwanamume. Mahakama haitoi amri mpaka iridhike kwamba kuna sababu za msingi za kuamini kuwa ndiye baba, na kwamba maombi yameletwa kwa nia njema, si kwa kumtisha au kumtoza fedha kwa hila.

Kiasi cha matunzo

Sheria haina tena kiwango cha juu. Hakimu huzingatia kipato na mali ya wazazi wote wawili, wajibu wao kwa watoto wengine, gharama za maisha mahali mtoto anapoishi, na haki za mtoto. Amri inaweza kuwa ya malipo ya kila kipindi au ya mkupuo, na inaweza kuhusisha gharama za ujauzito na kujifungua. Kwa kawaida hudumu hadi mtoto afikishe miaka 18, na inaweza kuongezwa ikiwa bado yuko masomoni. Mahakama inaweza pia kuagiza fedha zikatwe kwenye mshahara wa baba. Anayevunja haki za msingi za mtoto zilizotajwa katika sheria, matunzo yakiwamo, anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili.

Mponde na milima ya Usambara

Mponde ni kata ya Wilaya ya Lushoto katika Mkoa wa Tanga, iliyo chini ya Halmashauri ya Wilaya ya Bumbuli. Wakazi wengi ni Washambaa, na uchumi wa eneo hilo umefungamana na chai ya wakulima wadogo, pamoja na mahindi, maharage, migomba na mboga. Waislamu ni wengi katika eneo hilo, na kuna Wakristo pia, hasa Walutheri, ambao hospitali yao ya Bumbuli inajulikana katika milima yote.

Katika kijiji cha aina hii jina la baba kwa kawaida si siri. Mimba ya msichana hujadiliwa nyumbani, kisha wazee wa upande wake huenda kwa wazazi wa kijana kuuliza kama wanaitambua. Kijana akikiri, mazungumzo huhamia kwenye mahari au malipo. Akikana, jambo hupelekwa kwa mwenyekiti wa kitongoji au wa kijiji, baraza la kata, au kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Mashauri mengi humalizikia hapo kwa makubaliano ya maandishi: kiasi fulani kwa mwezi, sare za shule, na matibabu.

Kinachokosekana mara nyingi ni mwanamume mwenyewe. Uhamaji wa vijana wa Usambara una historia ndefu. Wakati wa ukoloni waliteremka kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Korogwe na Tanga. Siku hizi wengi huenda Tanga mjini, Arusha na Dar es Salaam kufanya biashara ndogondogo. Mwanamume aliyetajwa, na hata aliyekiri, anaweza kuwa machinga ambaye anwani yake ni namba ya simu tu, na namba hubadilishwa. Hati ya wito inayotolewa Lushoto haimfikii kwa urahisi mtu anayelala Manzese leo na Mbagala mwezi ujao.

Kukata fedha kwenye mshahara kunawezekana kwa mwalimu, askari au mfanyakazi wa kiwanda. Mkulima wa chai hana mshahara, ila ana jambo moja linalokaribiana nao: majani mabichi hupimwa, huandikwa na kulipwa kupitia kiwanda, na hivyo kuna kumbukumbu ya kile anachopata. Huko Mponde kumbukumbu hiyo ilikatika. Kiwanda cha Chai cha Mponde kilisimama mwaka 2013 kufuatia mgogoro wa muda mrefu kuhusu uendeshaji wake, na Januari 2016 serikali ilikirudisha mikononi mwake. Baadaye kiliwekwa chini ya mifuko ya hifadhi ya jamii ya PSSSF na WCF ili kifufuliwe. Katika kipindi ambacho kiwanda hakikufanya kazi, wakulima waliuza majani mbali kwa taabu au waliyaacha mashamba yageuke vichaka. Kwa familia nyingi hicho kilikuwa chanzo pekee cha fedha taslimu cha kila mwezi, na mzazi asiye na fedha taslimu hawezi kuamriwa kutoa nyingi.

Umiliki wa ardhi nao una sehemu yake. Mashamba hurithiwa zaidi na wana wa kiume, wakati kazi kubwa ya kuchuma chai hufanywa na wanawake. Mama aliyezaa akiwa nyumbani kwa wazazi wake hulima kwenye kipande cha baba yake au cha kaka zake, kwa ridhaa yao. Mtoto wake wa kiume ambaye baba yake hajathibitishwa hukua bila uhakika wa shamba upande wowote. Hii ndiyo sababu wazee wa Usambara hulitazama suala la jina la baba kama suala la ardhi, na huweza kulijadili kwa uzito hata pale ambapo hakuna anayetarajia fedha za matunzo.

Umbali wa mahakama ni kikwazo kingine. Mahakama ya Wilaya iko Lushoto mjini, na kutoka Mponde mtu hupita Bumbuli na Soni kwa barabara ya milimani ambayo huwa mbaya wakati wa masika. Safari mbili au tatu za kwenda kusikiliza shauri lililoahirishwa zinaweza kumaliza fedha ambazo mama alitarajia kupata kwa miezi kadhaa. Lushoto ndiko kilipo Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kinachofundisha watumishi wa mahakama kutoka nchi nzima.

Kwa Waislamu kuna swali la ziada. Katika fikihi ya madhehebu ya Shafii, ambayo hufuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, mtoto wa nje ya ndoa hunasibishwa kwa mama yake, na baba wa kibaiolojia hana wajibu wa nafaka kwake. Sheria ya Mtoto haikuweka tofauti ya dini katika matunzo, kwa hiyo mahakama za Bara humdai baba wa dini yoyote. Hata hivyo wapo wanaume wanaotoa fedha kwa hiari lakini wanakataa jina lao lisiandikwe, na wapo akina mama wanaokubali mpango huo kwa kuogopa kupoteza fedha.

Ruzuku ya TASAF

TASAF ilianzishwa mwaka 2000. Katika awamu yake ya tatu ilianza Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, unaolipa ruzuku kila baada ya miezi miwili. Sehemu ya ruzuku ina masharti: watoto wadogo wapelekwe kliniki, na wenye umri wa shule wahudhurie angalau asilimia 80 ya siku za masomo. Wanaopokea fedha kwa niaba ya kaya ni wanawake kwa sehemu kubwa, wakiwamo wajane, bibi wanaolea wajukuu, na akina mama wasio na waume.

Kaya huchaguliwa kwa kuanzia na mkutano wa hadhara wa kijiji, ambapo wanakijiji wenyewe hutaja nani ni maskini. Jina la baba halimo katika masharti. Hata hivyo, katika mkutano wa namna hiyo huenda mtu akainuka na kusema kwamba fulani ana mwanamume wa kumtunza Dar es Salaam, na mama akalazimika kueleza mbele ya watu kwamba mwanamume huyo hajatuma chochote tangu mwaka juzi. Ni ulizwaji usioandikwa katika fomu yoyote.

Serikali hairudishiwi ruzuku hiyo kutoka kwa baba. Mama akipata amri ya matunzo, fedha za baba ni za mtoto zote. Katika hili Tanzania inatofautiana kabisa na Marekani, kama inavyoelezwa hapa chini.

Wanafunzi waliolazimishwa kutaja

Mahali ambapo dola ya Tanzania imewahi kulazimisha jina la baba ni katika mimba za wanafunzi. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari. Kesi hiyo haisimami bila jina. Mwanzoni mwa mwaka 2018, wilayani Tandahimba katika Mkoa wa Mtwara, wasichana wajawazito walikamatwa pamoja na wazazi wao, jambo lililolaumiwa na watetezi wa haki za watoto.

Wakati huo msichana aliyepata mimba alifukuzwa shule na hakuruhusiwa kurudi, msimamo ambao Rais John Magufuli aliusisitiza Juni 2017. Zuio hilo liliondolewa Novemba 2021 chini ya Rais Samia Suluhu Hassan. Adhabu ya miaka 30 ilibaki. Matokeo yake ni mvutano usio na jibu rahisi: baba aliyefungwa miaka 30 hawezi kutoa matunzo, na familia ya msichana huweza kuona afadhali kupokea fedha kimyakimya kuliko kumtaja mbele ya polisi. Makubaliano hayo ya kimya humlinda mkosaji, na mara nyingi fedha zenyewe hukoma baada ya muda mfupi.

Zanzibar

Zanzibar ilikuwa na historia kali zaidi. Kwa sheria ya mwaka 1985, mwanamke asiyeolewa aliyepata mimba aliweza kufungwa hadi miaka 2. Mwaka 2005 sheria hiyo ilibadilishwa na nyingine ya kuwalinda wari na watoto wa mzazi mmoja, ambayo iliondoa kifungo hicho kwa mama na kuweka huduma kwa jamii. Chini ya sheria ya 1985 kumtaja baba kulimaanisha kukiri kosa. Sheria ya Mtoto ya 2011 ndiyo iliyoweka utaratibu wa matunzo unaofanana na ule wa Bara, huku mahakama za Kadhi zikiendelea kushughulikia mambo ya ndoa, talaka na matunzo ya Waislamu.

Nchi nyingine

Kenya ilikuwa na sheria ya kuwadai matunzo baba wa nje ya ndoa tangu 1959, lakini Bunge liliifuta mwaka 1969 baada ya malalamiko ya wanaume kwamba wanawake wanajitajirisha kwayo. Kwa miongo mitatu baada ya hapo mama wa Kenya aliyezaa nje ya ndoa hakuwa na sheria mahususi ya kumshika baba. Katiba ya 2010, katika ibara ya 53, inatamka kwamba baba na mama wana wajibu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au la. Mwaka 2016 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu kilichozuia jina la baba asiyeoa kuandikwa katika cheti cha kuzaliwa bila ridhaa yake kinawabagua watoto.

Nchini Marekani sheria iliyosainiwa na Rais Gerald Ford Januari 1975 iliunda mfumo wa taifa wa kudai matunzo, na kuwataka akina mama wanaopokea posho kushirikiana katika kumtambua baba. Mabadiliko ya mwaka 1996 yalizitaka serikali za majimbo zimpunguzie posho asiyeshirikiana kwa angalau asilimia 25. Mama huikabidhi serikali haki yake ya kudai, na jimbo huweza kubaki na fedha zinazolipwa na baba ili kufidia posho. Kuna msamaha kwa sababu ya msingi, kama hofu ya kupigwa, ila mama lazima aombe na aeleze.

Uingereza ilianza utaratibu wa namna hiyo Aprili 1993, kwa kuunda shirika la kukusanya matunzo. Mama aliyepokea posho na kukataa kumtaja baba bila sababu iliyokubalika alipunguziwa. Shirika hilo lilishindwa kukusanya fedha nyingi zilizodaiwa, na wapo akina mama walioona afadhali wasimtaje baba aliyekuwa akiwasaidia kwa siri, kwa kuwa akitajwa fedha zake zingeenda hazina. Sharti hilo liliondolewa mwaka 2008. Ujerumani hulipa matunzo ya awali kwa mtoto ambaye baba yake hatoi, lakini mama anayekataa kumtaja baba hupoteza haki hiyo. Waafrika Mashariki wanaoishi katika nchi hizo huwa chini ya sharti hilo kama wakazi wengine, na huweza kukabiliwa na ugumu zaidi ikiwa baba yuko Tanzania au Kenya, mahali ambapo hati za ofisi ya Berlin au Chicago hazimfikii kwa urahisi.

Msaada wa kisheria

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua rasmi wasaidizi wa kisheria, ambao ndio watu wa kwanza kuonwa na akina mama wengi vijijini. Huandika barua ya wito kwa baba, huandaa makubaliano na hueleza muda wa miezi 24, ambao wengi huusikia kwa mara ya kwanza wakati umeshapita. Mwaka 2023 serikali ilizindua kampeni ya msaada wa kisheria yenye jina la Mama Samia, inayozunguka mikoani. Matunzo ya watoto ni miongoni mwa malalamiko yanayopokelewa, pamoja na ardhi, mirathi na ukatili wa kijinsia. Polisi nao wana Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vingi vya wilaya, ambapo kumtelekeza mtoto hupokelewa kama malalamiko hata kabla ya kufungua shauri mahakamani.